Siri ya Mtungi: Ugomvi wa Watunga Programu na Wasimamizi Wao

Katika kazi nyingi za mikono mwenye mali aweza kuamua mwenyewe kama fundi amefanya vema au vibaya. Mlango ukikwaruza sakafu, mwenye nyumba huusikia. Jahazi likivuja, nahodha huyaona maji. Kanzu ikipinda mshono, mvaaji huambiwa na macho ya watu. Programu ya kompyuta si hivyo. Anayeilipia huona kioo cha mashine na majibu yatokayo humo, walakini maandishi yenyewe ya amri, maelfu kwa maelfu ya mistari, husomwa na wale walioyaandika tu. Programu mbili zaweza kutoa majibu yale yale leo, moja ikiwa imepangwa kwa akili na nyingine ikiwa fujo tupu, na aliye nje asitambue tofauti mpaka siku atakapotaka zibadilishwe. Siri ya mtungi aijuaye kata. Kutokana na siri hii umezaliwa ugomvi wa zaidi ya nusu karne kati ya watungao programu na wawasimamiao. Swali lake ni hili: nani ana haki ya kusema kwamba kazi iliyokwisha kulipiwa, na ambayo yafanya kazi, yapasa kupangwa tena?

Ugomvi huu ulianza kudhihirika katika miaka ya 1960. Tarehe 7 Aprili, 1964, kampuni ya IBM ya Marekani ilitangaza ukoo mpya wa kompyuta uitwao System/360. Mashine zenyewe zilifanikiwa sana, lakini programu kuu ya kuziongoza ilichelewa, ikala fedha nyingi kuliko ilivyokadiriwa. Fred Brooks, aliyeisimamia kazi hiyo, aliondoka baadaye akawa mwalimu wa chuo kikuu, na mwaka 1975 akatoa kitabu cha kueleza mambo aliyojifunza. Neno lake mashuhuri kuliko yote ni kwamba kuongeza watu katika kazi ya programu iliyochelewa huizidisha kuchelewa. Sababu yake ni nyepesi kufahamika. Wageni hawana budi kufundishwa na wenyeji wachache wanaoijua kazi, nao wenyeji huacha kazi ili wafundishe. Tena, watu watatu wana njia tatu za kuzungumza wawili wawili, ambapo watu kumi wana njia 45, na watu 50 wana njia 1225. Meneja aliyezoea kuhesabu vibarua wa kuchimba mtaro alikuta kwamba hesabu yake haifai hapa.

Mwezi wa Oktoba, 1968, watu wapatao 50 kutoka nchi 11 walikutana Garmisch, katika Ujerumani, kwa mwaliko wa Kamati ya Sayansi ya NATO. Walikuwamo walimu wa vyuo vikuu, watengenezaji wa mashine na watumiaji wake. Walikiri waziwazi kwamba programu kubwa zilikuwa zikikamilika baada ya wakati wake, zikizidi gharama zake, na zikiwa na makosa yasiyokwisha. Hapo ndipo jina la uhandisi wa programu lilipotiwa nguvu. Jina hilo lilikuwa kama shtaka kuliko sifa, maana lilionyesha jambo lililokosekana. Mhandisi wa daraja ana vipimo vya chuma na zege ambavyo mhandisi mwingine aweza kuvihakiki. Mtunga programu hakuwa na kipimo cha kumwonyesha msimamizi wake isipokuwa neno lake mwenyewe.

Katika mwaka huo huo, mwezi wa Machi, Mholanzi Edsger Dijkstra alikuwa amechapisha barua fupi ya kulaumu amri iliyoruhusu programu kuruka kutoka mstari wowote kwenda mstari mwingine wowote. Kichwa chenye ukali cha barua ile kilitiwa na mhariri, Niklaus Wirth, lakini hoja ilikuwa ya Dijkstra, nayo ilikuwa na kina. Alisema kwamba akili ya mwanadamu hufahamu vizuri mambo yaliyotulia mahali pamoja kuliko mambo yanayotembea katika wakati. Kwa hiyo mpangilio wa maandishi na mwendo wa mashine yapasa ufanane kadiri iwezekanavyo. Mashine haikujali kama maandishi yamerukaruka au yamenyooka. Aliyejali ni binadamu wa pili, atakayeyasoma baada ya mwandishi wa kwanza kwenda zake. Tangu hapo uzuri wa programu ukaanza kupimwa kwa taabu au raha ya msomaji wake.

David Parnas aliongeza kipimo kingine mwaka 1972. Alichukua programu ndogo ya kupanga fahirisi akaigawa kwa njia mbili. Katika njia ya kwanza sehemu zilifuata hatua za kazi, kama watu wa kawaida walivyofanya: kusoma, kupanga, kuandika. Katika njia ya pili kila sehemu ilificha ndani yake uamuzi mmoja ambao huenda ukabadilishwa siku moja, kama namna ya kuhifadhi maneno. Programu zote mbili zilifaa. Lakini alipouliza ni sehemu ngapi zingeguswa kama namna ya kuhifadhi ingebadilishwa, njia ya kwanza ilidai kugusa karibu kila sehemu, na ya pili iligusa moja tu. Basi ubora ulionekana kuwa ni bei ya mabadiliko yajayo. Hapa pana shina la ugomvi. Mtunga programu huipima kazi kwa kesho yake. Msimamizi, ambaye ameahidi mnunuzi siku na tarehe, huipima kwa leo.

Wasimamizi, kwa kuwa hawakuweza kusoma maandishi, walitaka tarakimu. Mwaka 1976 Thomas McCabe aliwapa moja iliyo na maana: hesabu ya njia zote zilizo mbali mbali ambazo programu yaweza kupita, naye akashauri sehemu moja isizidi njia 10. Tarakimu hiyo yatumika hadi leo. Walakini iko tarakimu nyingine iliyopendwa zaidi kwa urahisi wake, nayo ni idadi ya mistari iliyoandikwa. Kisa cha Apple chatosha kuonyesha ubaya wake. Mwanzoni mwa mwaka 1982 wasimamizi wa kompyuta iliyoitwa Lisa walitoa amri kila mhandisi ajaze fomu kila wiki aeleze ameandika mistari mingapi. Bill Atkinson, mtungaji wa programu ya kuchora picha katika kioo cha mashine hiyo, aliona kwamba kazi njema ni kupunguza mistari. Wakati ule alikuwa amekwisha kuipanga upya sehemu ya kukokotoa maumbo kwa njia sahali zaidi. Ikawa inakwenda karibu mara sita kuliko mwanzo, na mistari ipatayo 2000 ikaondoka. Fomu ilipomfikia aliandika: hasi 2000. Baada ya wiki chache wasimamizi wakaacha kumpelekea fomu.

Kisa hicho husimuliwa kwa kicheko, nacho chachekesha kweli. Hata hivyo msimamizi yule hakuwa mpumbavu. Alikuwa na kazi ya kujua kama Lisa itakuwa tayari, na hakuna aliyempa njia bora ya kujua. Anayeuliza swali baya kwa kukosa swali zuri astahili kusaidiwa. Tena si kila mhandisi ni Atkinson. Wako waliopangua kazi iliyokuwa imara kwa sababu tu haikuandikwa kwa mkono wao, wakaita matokeo hayo usafi. Mwamba ngoma huvutia kwake, na mtunga programu si mtu wa nje ya methali hiyo.

Jaribio moja la kupatanisha pande hizi lilitoka IBM. Michael Fagan alieleza mwaka 1976 utaratibu wa ukaguzi, ambao watu wachache walio sawa huketi pamoja wakayasoma maandishi ya mwenzao mstari kwa mstari, kila mmoja akiwa na wajibu wake, na makosa yakaandikwa na kuhesabiwa. Ndani ya utaratibu huo mlikuwa na sharti lenye busara kubwa: hesabu ya makosa yaliyopatikana isitumiwe na msimamizi kumpima mtunga programu kama anafaa au hafai. Kama ingetumiwa hivyo, kila mtu angeficha makosa yake na kufunika ya rafiki yake, na ukaguzi ungekuwa mchezo. Palikuwa na maana ya kudumu katika sharti hilo. Ukweli juu ya kazi hupatikana pale tu ambapo kuusema hakumdhuru msemaji.

Wakati huo huo ilikuwa ikidhihirika kwamba kuiacha programu kama ilivyo si kuihifadhi. Meir Lehman, aliyechunguza pamoja na László Belady mfululizo wa matoleo ya programu ile ile kuu ya System/360, alitoa mwaka 1974 kanuni za ukuaji wa programu. Ya kwanza yasema kwamba programu itumikayo katika maisha ya watu haina budi kubadilishwa daima, la sivyo hufaa kidogo kidogo zaidi. Ya pili yasema kwamba kwa kadiri inavyobadilishwa huzidi kutatanika, isipokuwa ifanywe kazi maalumu ya kuitatua. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kazi hiyo ya kuziba ndiyo isiyoonekana na mnunuzi, kwa kuwa ikifanywa vizuri hapana kinachobadilika mbele ya macho yake.

Lugha ya kuieleza kazi hiyo ilipatikana mwaka 1992. Ward Cunningham alikuwa akitengeneza programu ya kusimamia rasilimali za fedha, na wakuu wake walikuwa watu wa elimu ya fedha. Ili awafahamishe kwa nini timu yake hurudi nyuma kupanga tena kazi iliyokwisha, aliwaambia kwamba kuandika haraka kwa ufahamu pungufu ni kukopa. Mkopo huharakisha safari, nao si aibu ukilipwa upesi. Usipolipwa, kila saa itumikayo juu ya maandishi yale ni riba. Neno hilo la deni limeenea ulimwenguni, na kwa kuenea limeharibika kidogo. Wengi walilifanya ruhusa ya kuandika ovyo. Cunningham alipinga tafsiri hiyo baadaye. Yeye alikusudia kwamba maandishi yawe safi kwa kadiri mtu afahamuvyo leo, ili ufahamu wa kesho upate mahali pa kuingia.

Mwaka ule ule wa 1992, katika Chuo Kikuu cha Illinois, William Opdyke aliandika tasnifu juu ya upangaji upya wa programu, akaonyesha masharti ambayo yakitimizwa mpangilio wa ndani waweza kubadilishwa bila matendo ya nje kubadilika. Mwaka 1999 Martin Fowler, pamoja na Kent Beck, Opdyke na wenzao, akatoa kitabu kilichoyafanya hayo kuwa ufundi wa kila siku: hatua ndogo ndogo, kila moja na jina lake, na baada ya kila hatua majaribio ya kuhakikisha kwamba hakuna kilichoharibika. Kitabu hicho kiligusa moja kwa moja swali la nini aambiwe meneja. Kwa meneja mwenye kufahamu, Fowler alishauri aelezwe. Kwa meneja anayeitazama kalenda peke yake, alitoa shauri ambalo mwenyewe alikubali kwamba laleta ubishi: asiambiwe. Hoja yake ilikuwa kwamba mtunga programu hulipwa ili amalize kazi upesi, na kupanga upya ni njia ya kumaliza upesi. Basi haihitaji ruhusa zaidi ya seremala kunoa patasi yake. Hoja hiyo yafaa kwa patasi, walakini haifai kwa kubomoa ukuta. Kazi ya dakika kumi ni sehemu ya ufundi. Kazi ya miezi mitatu ikifichwa ni mali ya mtu kutumiwa bila mwenyewe kujua, na ikigunduliwa huondoa imani ambayo watu hao wangeihitaji siku nyingine.

Mfano mkubwa wa kubomoa ukuta ni ule wa Netscape. Kampuni hiyo iliyoanzishwa mwaka 1994 ilikuwa na kivinjari kilichopendwa kuliko vyote, mpaka Microsoft ilipoanza kutoa chake bila malipo pamoja na Windows. Mwaka 1998, mwezi wa Januari, Netscape ilitangaza kwamba itayaweka wazi maandishi ya programu yake ili watu wote wapate kuyasoma na kuyatengeneza, na tarehe 31 Machi ikatimiza. Maandishi yaliyotoka yalikuwa mengi na yenye kutatanika, na kwa wageni yalikuwa magumu kuingilika. Mwezi wa Oktoba mwaka huo uamuzi ukafanywa: sehemu kubwa iachwe, na kazi ijengwe juu ya injini mpya ya kupanga kurasa. Mbele ya mwezi wa Novemba kwisha, kampuni ya AOL ilikuwa imetangaza kuinunua Netscape. Toleo la nne lilikuwa limetoka mwaka 1997. La tano halikutoka kamwe. La sita lilitoka Novemba 2000, likiwa zito na lisilokomaa.

Kabla hata toleo hilo halijatoka, Joel Spolsky aliandika mwezi wa Aprili, 2000, kwamba kuanza upya ni kosa baya kuliko yote yawezayo kufanywa na kampuni ya programu. Alisema kuwa kusoma maandishi ni kugumu kuliko kuyaandika, na kwa sababu hiyo kila mtunga programu huiona kazi ya aliyemtangulia kuwa takataka. Kumbe ile mistari ya ajabu ajabu, isiyo na sura, mara nyingi ni dawa za maradhi yaliyogunduliwa kwa taabu katika miaka mingi ya matumizi. Aitupaye huyatupa maarifa hayo, na maradhi hurudi. Waswahili walikwisha kusema: usiache mbachao kwa msala upitao.

Hata hivyo haki yadai mizani miwili. Netscape haikuangushwa na uamuzi huo peke yake. Mpinzani wake aliigawa bidhaa bure, na serikali ya Marekani ilimshtaki mahakamani mwaka 1998 kwa namna alivyoitumia nguvu yake. Tena ile injini mpya haikufa. Mwaka 2004 ilitoka ndani ya Firefox, kivinjari kilichorudisha ushindani wakati ambapo karibu watu wote walikuwa wamebaki na kimoja. Basi uamuzi uliowadhuru waliolipa gharama uliwanufaisha watu wengine wengi. Anayeuliza kama ulikuwa mwema hana budi kueleza kwanza auliza kwa niaba ya nani, na hilo ndilo swali ambalo watunga programu na wasimamizi wao husahau kuulizana.

Kuna upande wa pili, wa kuacha ufa. Tarehe 1 Agosti, 2012, kampuni ya Knight Capital ya Marekani, iliyonunua na kuuza hisa kwa kompyuta, ilitia programu mpya katika seva zake. Seva zilikuwa nane. Mpya ikaingia katika saba, ya nane ikasahauliwa. Ndani ya ile ya nane yalibaki maandishi ya kazi iliyoachwa kutumika tangu mwaka 2003 bila kuondolewa, na ishara ile ile iliyoamsha programu mpya iliyaamsha haya ya kale. Katika muda wa dakika zipatazo 45 kampuni ilipoteza zaidi ya dola milioni 440. Uchunguzi wa wakuu wa soko la mitaji ulionyesha jambo jingine: mwaka 2005 sehemu ya kuhesabu, ambayo ingeyazuia maandishi yale ya kale yasiendelee kutoa amri, ilihamishwa mahali pengine, na baada ya kuhamishwa hayakujaribiwa kama bado yatenda sawa. Msiba huo basi hauwapi ushindi watu wa upande wowote. Takataka haikuondolewa, ambalo ni kosa la kutosafisha. Na mpangilio ulibadilishwa bila majaribio, ambalo ni kosa la kusafisha vibaya.

Wala ufundi mzuri peke yake hautoshi. Katika kampuni ya magari ya Chrysler mradi wa programu ya mishahara ulikwama, na mwaka 1996 Kent Beck aliitwa autazame. Alishauri uanzwe upya, na timu yake ikafanya kazi kwa namna iliyokuwa ngeni: watu wawili kwa mashine moja, majaribio kila siku, kupanga upya bila kukoma. Mwaka 1997 programu ilianza kuwalipa watu wapatao 10,000. Wahandisi waliisifu kazi hiyo kuwa safi, na njia iliyotumika ikaandikiwa vitabu na kufundishwa duniani. Mradi wenyewe ulisimamishwa mwaka 2000, baada ya Chrysler kuungana na Daimler, kabla haujawafikia wafanyakazi wote waliokusudiwa. Usafi wa ndani haukuwa hoja ya kutosha mbele ya wenye mali, ambao hawakuuona.

Historia hii yaonyesha kwamba ugomvi huu hautokani na ubaya wa tabia, bali watokana na mahali anapoketi kila mtu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na msimamizi hakilalii. Kwa hiyo mzigo wa kwanza ni wa mtunga programu: asiseme tu kwamba maandishi ni mabaya, bali aonyeshe badiliko gani lililochukua siku moja zamani na lachukua wiki mbili sasa, ni makosa mangapi yarudiayo sehemu ile ile, na ni nini kitakachopungua baada ya matengenezo. Mzigo wa pili ni wa msimamizi: asimwadhibu anayemwambia kwamba kazi ina ufa, wala asihesabu mistari kana kwamba ni matofali, wala asiahidi tarehe kabla ya kuuliza. Mzigo wa tatu ni wao wote: matengenezo yawe madogo na ya mara kwa mara, yenye majaribio, ili siku ya kubomoa nyumba nzima isifike.

Tangu Garmisch mashine zimebadilika zisitambulike, na programu zimeingia katika benki, hospitali na ndege. Wasiozisoma wamezidi, na wanaozitegemea wamezidi zaidi. Mtu apandaye ndege au atumaye fedha kwa simu hawezi kuingia katika chumba ambamo mambo haya huamuliwa, wala hajui kwamba leo mmoja ameomba wiki mbili za kutengeneza na mwingine amemnyima. Walakini yeye ndiye atakayelipa, ama kwa kungoja, ama kwa hasara, ikiwa wawili hao hawatasikilizana.